Kutengeneza Nyumba ya Mawe ya Zamani

Katika miji ya pwani, kama vile Unguja, Lamu na Mombasa, ziko nyumba za mawe zilizojengwa zamani, na watu wanakaa ndani yake hata leo. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na mji wa kale wa Lamu uliandikwa mwaka 2001. Lakini sifa haizuii mvua. Nyumba ya mawe huchakaa kama kitu kingine chochote, na kila baada ya miaka kadha yapasa itengenezwe. Hapo ndipo makosa huingia. Na kosa katika nyumba ya namna hii laweza kummalizia mwenyewe fedha zake, hata kuondoa uhai wa watu.

Mtu asiyejua jinsi nyumba ilivyojengwa hawezi kuitengeneza. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yaani mawe yaliyofanyika baharini, nazo ni nene, mara nyingi nusu mita na zaidi. Mawe hayo hushikamanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma mawe ya namna hiyo hiyo katika tanuu. Dari huchukuliwa na boriti za mikoko, ambazo ncha zake huingia katika kuta mbili zinazoelekeana. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha hutiwa chokaa na kokoto na kupigwapigwa mpaka iwe sakafu ya chumba cha juu. Boriti haziwi ndefu sana, ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba. Basi uzito wote wa dari hupita katika ncha za boriti na kushuka kwa ukuta mpaka katika msingi.

Adui mkubwa wa nyumba hii ni maji. Bati likitoboka, au mfereji wa paa ukizibwa na majani, maji huingia ukutani kidogo kidogo. Huko ndani hulainisha udongo na chokaa, na huozesha ncha za boriti mahali ambapo jicho halifiki. Kisha mchwa hufuata mti uliolowa. Kwa nje huonekana alama ndogo tu: doa la unyevu, au ufa mwembamba kama uzi.

Mithali yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Maneno hayo ni kweli, lakini watu wengine huyaelewa nusu. Hununua saruji, huziba ufa, hupaka rangi juu yake, na kudhani kazi imekwisha. Ufa ni kama homa: huonyesha kwamba uko ugonjwa, lakini si ugonjwa wenyewe. Kuuziba bila kujua ulikotoka ni kuuficha tu.

Basi kazi ya kwanza ya fundi mwenye akili si kushika mwiko, bali ni kutazama. Huipitia nyumba siku ya mvua, aone maji yanakoingia na yanakotoka. Huzigonga ncha za boriti, maana mti uliooza hautoi sauti moja na mti mzima. Huiangalia kuta kwa timazi, ajue kama imesimama wima au imeinama. Tena iko njia rahisi ya kuujua ufa. Fundi hupaka kipande chembamba cha chokaa kutoka upande mmoja wa ufa hata wa pili, na kuandika tarehe kando yake. Baada ya miezi michache hukitazama. Kikiwa kizima, ufa umetulia, nao waweza kuzibwa. Kikiwa kimekatika, ukuta ungali unakwenda, na yapasa kutafuta sababu kwanza.

Kosa lililoenea sana ni kupaka saruji ya kiwandani juu ya ukuta wa chokaa. Saruji ni ngumu, na kwa ajili ya ugumu huo watu huiamini. Lakini ukuta wa chokaa hupumua: unyevu ukiingia, hutoka tena kwa kukaushwa na hewa. Ukifunikwa kwa saruji, unyevu hauna njia ya kutoka, hubaki ndani na kupanda juu. Chumvi iliyomo katika mawe huyeyuka, kisha hukauka na kuwa chembe ngumu ambazo huusukuma ukuta na kuumenya. Baada ya miaka michache saruji hubanduka kwa mabamba makubwa, nayo huchukua na mawe ya ukuta. Kwa hiyo ukuta wa chokaa hupakwa chokaa.

Chokaa nayo ina makosa yake. Iliyotoka katika tanuu huchemka kwa nguvu ikikutana na maji, na yaweza kuunguza ngozi na kupofusha macho. Kwa hiyo huongezwa katika maji kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu yake. Na watoto hukatazwa kukaribia. Ikimrukia mtu jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, kisha apelekwe hospitali. Tena chokaa hulowekwa majuma mengi kabla ya kutumiwa, na kuchujwa. Fundi mwenye haraka akiipaka kabla haijaiva, chembe zilizobaki huvimba baadaye na kutoboa ukuta mashimo madogo kama ya ndui. Mchanga wa pwani nao haufai, maana huleta chumvi nyumbani.

Utaratibu wa kazi nao huzuia makosa. Kwanza hutengenezwa paa na mifereji, kisha kuta na boriti, mwisho sakafu na rangi. Apakaye rangi kabla ya kuziba paa hupaka mara mbili. Wala haifai kufungua paa masika yanapokaribia. Wakati mzuri ni baada ya mvua hizo kwisha, kipupwe kinapoingia. Tena mwenye nyumba yampasa kuomba ruhusa kabla ya kuanza. Unguja iko mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Na nyumba inayoshirikiana ukuta na jirani haiguswi kabla jirani hajaambiwa, kwa kuwa ukuta mmoja ukianguka huumiza nyumba mbili.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuondoa kitu kinachobeba. Kabla ya kuvuta boriti iliyooza, dari hutegemezwa kwa gadi, yaani miti imara ya kushikilia, pande zote mbili. Gadi husimama juu ya ubao mpana, na chini ya ubao huo, katika chumba cha chini, huwekwa gadi nyingine mpaka ardhini. La sivyo uzito wa dari ya juu huiangukia sakafu ya katikati. Boriti hubadilishwa moja moja. Na ukuta ulioingia ncha za boriti hautobolewi mlango kwa kutaka tu nafasi.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit-al-Ajaib, lile jumba kubwa la Unguja lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, ilianguka wakati kazi ya kulitengeneza ilipokuwa ikiendelea. Watu wawili walikufa. Nyumba ya kale yaweza kuwa katika hatari kubwa hasa wakati ule inapotengenezwa.

Hata hivyo hakuna fundi asiyekosea. Tofauti ya fundi mwema na mbaya huonekana baada ya kosa. Ufa mpya ukitokea ghafula, au vumbi likianza kudondoka darini, au mlango uliofunguka jana ukikwama leo, fundi mwema husimamisha kazi saa ile ile. Huwatoa watu wote ndani, pamoja na walio chini ya ukuta nje. Hamruhusu mtu kurudi kuchukua vyombo. Kisha humwita mjuzi wa majengo, naye huamua mahali pa kuweka gadi na mizigo ya kupunguzwa, kama mawe na magunia yaliyorundikwa juu.

Kosa lisilo la hatari hurekebishwa kwa subira. Saruji iliyopakwa vibaya hubanduliwa kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, bila kuutikisa ukuta. Ukuta huachwa ukauke, pengine kiangazi kizima. Kisha hupakwa chokaa safu nyembamba nyembamba, kila safu ikisubiri ile ya kwanza kushika, na kufunikwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe upesi. Kazi hii huchosha na hugharimu, lakini ni nafuu kuliko kujenga ukuta.

Lililo baya zaidi ni kuficha. Kibarua aliyevunja jiwe linalobeba, akalifunika kwa chokaa kwa kuogopa kukatwa mshahara, amewawekea mtego watu watakaolala humo. Na bwana anayewafokea watu wake kwa kila kosa huwafundisha kuficha. Mficha maradhi kifo humwumbua. Kwa hiyo katika kazi njema asemaye, "Hapa nimekosea," hushukuriwa kwanza, ndipo kosa litengenezwe. Hata mtoto aliyeona ufa mpya juu ya kitanda chake na awaambie wazee wake siku ile ile, nao wasimpuuze.

MASWALI
1. Kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za zamani ni vyembamba?
2. Fundi hujuaje kama ufa umetulia au ungali unakwenda?
3. Eleza jinsi saruji inavyoudhuru ukuta wa chokaa.
4. Kwa nini gadi ya chumba cha juu huhitaji gadi nyingine chini yake?
5. Ni nani mwenye lawama zaidi: afichaye kosa, au amfokeaye aliyekosa? Toa sababu zako.