Tujue Kuamuru Mitambo Yetu

Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilikatika kusini mwa pwani yetu, na intaneti ikazorota nchi nzima. Zilizokatika zilikuwa njia za kwenda nje. Hata hivyo, tukio lile latupasa kujiuliza, sisi wa Magomeni na ndugu zetu wa visiwani: njia ikiwa nyembamba, nani ataiamuru mitambo itunzayo kumbukumbu za wananchi?

Siku hizi seva moja kubwa huchukua kompyuta pepe nyingi. Ni kama nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake, lakini msingi na paa ni vya wote. Jambo hili si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani iliutangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972; miaka miwili baadaye, Serikali yetu ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka 2007 programu ya KVM iliingizwa katika Linux, nayo haidai ada ya leseni.

Mtunza seva ana njia mbili za kazi: kubonyeza picha au kuandika amri. Picha zahitaji njia pana. Amri ni maneno machache, nayo hupita hata mawasiliano yakiwa dhaifu. Akiandika «virsh list --all», huonyeshwa kompyuta pepe zote, zilizo kazini na zilizozimwa. Neno «shutdown» huiomba kompyuta ijizime taratibu. Neno «destroy» huizima ghafla, kama mtu aliyechomoa waya wa umeme, ila diski yake haifutwi. Neno «undefine» ndilo huiondoa katika daftari la mtambo. Asiyefunzwa huogopa pasipo na hatari, akapuuza penye hatari.

Tuliosoma chuoni twajua kwamba herufi moja ikikosewa, maana hugeuka. Amri nazo ndivyo zilivyo. Lakini amri iliyoandikwa huhifadhiwa katika jalada, hukaguliwa na mkuu wa kazi, na hurithishwa kwa mwenzake anapohamishwa.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya kusimamia mifumo ya umma. Hilo ni jema, lakini sheria haiketi mbele ya mtambo usiku unapokwama. Aketiye ni mtumishi. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa halmashauri mambo matatu: vijana wa hapa wafunzwe amri hizi, wakianzia kwenye kompyuta pepe ya majaribio, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na kila ofisi iwe na jalada la amri zake.

Tusingoje fundi wa mbali kwa kila hitilafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.