Tusipake Rangi Juu ya Kutu

Wakulima wa Kongwa, Bahi, Chamwino na Kondoa wanajua taabu ya usafiri. Alizeti, mtama na karanga vikishavunwa, nauli ya kufikisha magunia sokoni hula faida. Ndiyo maana vikundi vingine huchanga fedha vikanunua pikapu iliyokwisha kutumika. Fedha hizo ni jasho la misimu mingi. Zikishalipwa, ni vigumu kurudi.

Gari la namna hiyo likiletwa, mara nyingi linang'aa. Lakini tukiinama tukatazama chini ya milango na pembeni mwa magurudumu, tunaona rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Hayo ni malengelenge ya rangi. Muuzaji atasema, "Aa, hivyo ni vitu vidogo tu. Mkipiga rangi vinakwisha."

Je, ni kweli vinakwisha? Hebu tuone.

KUTU NI NINI?

Bodi ya gari kwa kawaida ni bati la chuma. Chuma kikikutana na maji pamoja na hewa, hubadilika polepole kikawa kutu. Kutu si uchafu ulioganda juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichooza. Kwa hiyo kila unga wa kutu unaodondoka ni kipande cha gari kilichopotea.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoota chini ya rangi, huisukuma rangi juu. Hapo ndipo lengelenge linapotokea. Kwa hiyo tukiona lengelenge dogo kama punje ya mtama, tujue kutu chini yake yaweza kuwa imeenea zaidi.

Chumvi huongeza kasi ya kutu. Tunaweza kujionea wenyewe. Tuchukue misumari mitatu mipya ya kawaida, siyo ile ya mabati. Wa kwanza tuuzungushie kitambaa kikavu. Wa pili tuuzungushie kitambaa kilichoroweshwa maji safi. Wa tatu tuuzungushie kitambaa kilichoroweshwa maji ya chumvi. Vile viwili tuviloweshe kila siku. Baada ya wiki moja tufungue. Wenyewe tutaona ni msumari upi umeliwa sana.

KUTU INATOKA WAPI KATIKA NCHI KAVU?

Mtu atauliza: Dodoma ni kukavu, mvua ni za Desemba hadi Aprili tu, kutu inatoka wapi? Swali hili ni zuri. Ni kweli kwamba ukame wetu unasaidia. Lakini kuna mambo manne.

Kwanza, magari mengi yaliyotumika hutoka Japani. Kaskazini ya nchi hiyo, kama kule Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi. Watu hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kuingia katika vipenyo. Magari mengine yametumika miaka mingi pwani, ambako upepo wa bahari una chumvi. Basi gari laweza kufika kwetu na ugonjwa wake tayari.

Pili, vumbi letu. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Kiangazi vumbi huviziba. Mvua zikianza, vumbi lile huwa tope, na tope hukaa na unyevu kama kile kitambaa cha msumari.

Tatu, mizigo. Mbolea, samaki, na ngozi za mifugo zilizopakwa chumvi hudondosha maji yenye chumvi katika sakafu ya pikapu.

Nne, maji ya kuoshea. Baadhi ya visima vya mkoa wetu vina maji ya chumvi. Tukiosha gari kwa maji hayo na kuliacha likauke, maji huondoka na chumvi hubaki.

NGOZI NA MIFUPA

Sasa tufike penye jambo kubwa. Kutu ya gari ni ya namna mbili: kutu ya ngozi na kutu ya mifupa.

Kutu ya ngozi iko katika mabati ya nje, kama mlango, boneti au madigadi. Inachukiza macho, lakini ikishughulikiwa mapema hutibika.

Kutu ya mifupa iko katika vyuma vinavyobeba gari na watu. Katika pikapu nyingi, mifupa ni chasisi, yaani ile fremu ndefu iliyo chini. Mifupa ikiliwa, gari laweza kukatika likiwa na mzigo. Magari madogo mengi hayana chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Katika gari la namna hiyo, kutu iliyotoboa kizingiti cha chini ya mlango si jambo la urembo tena. Mabomba membamba ya mafuta ya breki nayo huliwa na kutu. Bomba likipasuka mteremkoni, breki hushindwa kushika. Hapo hatuzungumzii rangi. Tunazungumzia roho za watu.

KABLA YA KUNUNUA

Tukague mchana, gari likiwa limeoshwa na kukauka. Twende na fundi wetu, siyo fundi wa muuzaji. Tuchukue daftari, bisibisi, sumaku ndogo na tochi.

1. Tutazame chini ya milango, kingo za madigadi, na mpira unaozunguka kioo cha mbele.

2. Tuinue kapeti. Sakafu ikiwa na unyevu au kutu, tuandike.

3. Tugonge bati polepole kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Palipojazwa pati, yaani ule udongo laini wa kuzibia, hutoa sauti nzito.

4. Tuzungushie sumaku kitambaa laini ili isikwaruze, kisha tuipitishe juu ya bati. Isiposhika mahali fulani, tujaribu mahali pale pale upande wa pili wa gari. Ikishika kule, basi huku huenda kuna pati nyingi. Isiposhika pande zote mbili, huenda sehemu hiyo ni ya plastiki au alumini tangu kiwandani.

5. Fundi aingie chini ya gari, likiwa limeegemezwa imara, siyo juu ya jeki peke yake. Atazame chasisi, hasa mahali spring zinapofungwa, na mabomba ya breki. Akikuta rangi nyeusi mbichi imepakwa chini kote, tuulize: inaficha nini?

Yote tuyaandike. Kikundi kikikaa kuamua, daftari litasema kweli kuliko macho yaliyovutwa na rangi. Ikiwa ni kutu ya ngozi, tupunguziwe bei. Ikiwa ni kutu ya mifupa, tuliache gari hilo, hata likiwa rahisi namna gani.

KUTIBU KUTU YA NGOZI

Ikiwa gari ni letu na lina malengelenge, tusingoje. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwanza tutoboe lengelenge moja kwa ncha ya bisibisi. Pengine chuma cha chini kinang'aa. Hapo kosa ni la mpakaji: alipaka juu ya unyevu au mafuta. Lakini tukikuta unga mwekundu, basi ni kutu, nasi tufuate hatua hizi:

1. Tuoshe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha tuache pakauke kabisa.

2. Tukwangue rangi yote iliyovimba, na tuendelee mpaka tufikie rangi iliyoshika vizuri.

3. Tusugue kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa. Msasa una namba nyuma yake. Namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali. Tuanze na namba 80, tufuate 180, tumalizie na 320. Tusiache mpaka tuone chuma kitupu kinachong'aa. Vidoa vyeusi vilivyobaki katika vishimo ni kutu bado. Tuvisugue tena.

4. Tufute vumbi kwa kitambaa safi chenye thina kidogo. Tusitumie mafuta ya taa, maana huacha utelezi na rangi haitashika.

5. Siku hiyo hiyo tupake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ile wanayoiita praima. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja chenye unyevu, kutu huanza upya. Tupake nyembamba, ikauke, turudie.

6. Mwisho tupake rangi ya gari, mara mbili au tatu, kila safari ikiwa nyembamba.

Tukikuta tundu, tusilijaze pati. Pati hunyonya maji, na kutu huendelea kula nyuma yake. Fundi akate sehemu iliyooza na kuchomelea bati jipya. Kabla ya kuchomelea, nyaya za betri zifunguliwe, na petroli iwe mbali.

Tujihadhari pia na vumbi la msasa. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tufunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri, na watoto wakae mbali. Thina nayo hushika moto upesi; asivute mtu sigara hapo.

Wapo wanaopaka oili chafu chini ya gari. Ni kweli huzuia maji kwa muda. Lakini huharibu mipira, hudondoka ardhini, na ikigusa breki gari halisimami vizuri. Tena ni mbaya kwa ngozi ya mtu. Ni heri kuzibua vitundu vya milango kila mwezi kwa kijiti, kuondoa tope chini ya madigadi, na kuosha sakafu kila tunaposhusha mbolea au chumvi. Kazi hiyo haina gharama.

TUPATANE NA FUNDI KWA MAANDISHI

Tukimpelekea fundi kazi, tuandike mapatano mafupi, naye atie sahihi. Neno moja lisikose humo: "Fundi ataondoa kutu yote, nasi tutakiona chuma kitupu kabla hajapaka rangi." Fundi mwema hatakasirika. Anajua kwamba rangi ikishapakwa, kazi nzuri na kazi mbovu hufanana siku ile ya kwanza. Tofauti huonekana baada ya mvua.

Basi tusipake rangi juu ya kutu, na tusinunue kutu iliyopakwa rangi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini rangi huvimba palipo na kutu?
2. Kutu ya ngozi na kutu ya mifupa zinatofautianaje?
3. Maji ya kisima chetu yana chumvi? Tutaosha gari, jembe la ng'ombe na baiskeli zetu kwa maji gani?
4. Ikiwa kikundi chetu kitanunua gari, nani ataandika daftari la ukaguzi?