SAYANSI: Kwa nini maumivu hudumu hata baada ya kidonda kupona

KIDONDA kinapofunga au mfupa uliovunjika unapounga, mgonjwa hutarajia kwamba maumivu nayo yatakoma. Kwa wengi huwa hivyo. Hata hivyo, wapo ambao miezi hupita, hata miaka, huku mgongo, goti au mkono ukiendelea kuwauma ilhali eksirei na vipimo vya damu havionyeshi kasoro yoyote.

Mara nyingi watu hao huambiwa kuwa wanajidekeza, au kwamba wamebuni maumivu ili wakwepe kazi. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Utafiti wa zaidi ya nusu karne umebainisha kuwa maumivu hayo ni halisi, na kwamba aghalabu hutokana na mabadiliko katika mfumo wa neva wenyewe.

Wataalamu huyaita maumivu sugu pale yanapodumu au kurejearejea kwa zaidi ya miezi mitatu.

Kwa karne nyingi ilidhaniwa kuwa maumivu ni ujumbe tu kutoka mahali palipoumia. Mwanafalsafa wa Ufaransa, René Descartes, katika kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1664, miaka 14 baada ya kifo chake, alifananisha neva na kamba ya kengele. Moto ukiugusa mguu, kamba huvutwa na kengele ikalia ubongoni. Kwa mtazamo huo, pasipo jeraha la kuivuta kamba, kengele haiwezi kulia.

Mfano huo ulishindwa kueleza mengi. Mtu aliyekatwa mguu huweza kuhisi vidole ambavyo havipo tena vikimchoma. Naye askari aliyejeruhiwa vitani huenda asihisi maumivu makali hadi afikishwe mahali salama.

Mnamo 1965, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walitoa nadharia mpya. Walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango, ambalo huruhusu au kuzuia ishara za maumivu zisifike ubongoni. Ndiyo sababu aliyegonga kiwiko hukisugua na kupata nafuu, kwani hisia ya kuguswa husaidia kulifunga lango hilo. Ubongo nao huweza kulifunga au kulifungua, kutegemea hofu, matarajio na mambo mengine.

Hatua nyingine kubwa ilipigwa mwaka wa 1983 na Clifford Woolf, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya utafiti jijini London. Akichunguza panya, aligundua kuwa baada ya jeraha, seli za neva zilizo katika uti wa mgongo hubadilika. Huanza kuitikia upesi na kwa nguvu kuliko awali, hata zinapochokozwa kidogo tu.

Hali hii yaweza kulinganishwa na king'ora kilichowekwa nyumbani ili kunasa wezi, lakini kikaharibika na kuanza kulia hata paka anapopita. Mlio ni wa kweli na unakera, ila hakuna mwizi. Vivyo hivyo, mgonjwa huweza kuumwa anapoguswa na shuka tu.

Kinyume chake pia hutokea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1994 uliwapiga picha watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walipatikana na angalau diski moja ya uti wa mgongo iliyovimba kupita mpaka wake. Hivyo, picha pekee haitoshi kuthibitisha wala kukanusha maumivu ya mtu.

Maarifa haya yamebadilisha matibabu. Baadhi ya wagonjwa ambao neva zao zimeathiriwa hupewa amitriptilini, dawa iliyotengenezwa kutibu sonona, au gabapentini, iliyotengenezwa kutibu kifafa. Dawa hizi hutuliza mfumo wa neva, ingawa haziwafai wote.

Dawa za jamii ya afyuni nazo zimepoteza sifa katika vita hivi, japo mofini ingali muhimu kwa wagonjwa wa saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwafuatilia kwa miezi 12 wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Waliotumia dawa hizo hawakuweza kutekeleza shughuli zao vyema kuliko waliopewa dawa nyinginezo kama parasetamoli, na walipata madhara zaidi.

Mnamo Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kuwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno wapewe elimu kuhusu hali yao, mazoezi ya viungo na msaada wa kisaikolojia. Lilishauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya dawa za afyuni na mikanda ya kiuno.

Kumpeleka mgonjwa kwa mwanasaikolojia si kumwambia kuwa maumivu yake ni ya kuwaza tu. Ubongo ni sehemu ya mfumo uleule wa neva, na hofu na kukosa usingizi huweza kuyazidisha maumivu. Mazoezi ya polepole nayo huuzoesha mwili tena kwamba kuinama au kutembea si hatari.

Hata hivyo, si kila maumivu ni ya king'ora kibovu. Yanapoandamana na homa, kukonda bila sababu, miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, mgonjwa anapaswa kumwona daktari bila kuchelewa.

Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 iliyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe, na kutambua kuwa wakati mwingine huwa ndiyo ugonjwa, wala si dalili ya ugonjwa mwingine. Kwa aliyeitwa mvivu kwa miaka mingi, hilo si jambo dogo.