Baiskeli ya kubebea maziwa na mboga: Usiidharau "baiskeli ya kike"

Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni kidogo, tuongelee chombo ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku bila kukifikiria: baiskeli. Hasa kitu kimoja tu, namna unavyoipanda na kushuka ukiwa na mzigo.

Kuna kijana mmoja katika kata yangu anakusanya maziwa kwa majirani na kuyapeleka kituoni. Nyumba nane kila asubuhi, keni mbili za lita 20 zimefungwa kwenye keria. Baiskeli yake ilikuwa ile kubwa yenye bomba la juu, lile ambalo mtoto hukalishwa akipakiwa mbele. Nyumba ya sita, wakati anapanda, mguu ukakwama kwenye bomba, baiskeli ikalala, mfuniko ukafunguka. Lita 20 zote chini. Ukichukua bei ya shilingi 1,200 kwa lita, hiyo ni shilingi 24,000 imemwagika kwa sekunde tatu. Juu ya hapo alitegua kifundo cha mguu, akakaa nyumbani wiki nzima, na wateja wawili wakahamia kwa mwingine.

Wengi walisema ni uzembe. Mimi nilipoiangalia ile baiskeli niliona tatizo lipo kwenye fremu.

Tatizo liko wapi hasa?

Baiskeli ikiwa tupu, unarusha mguu kwa nyuma, juu ya siti, umekaa. Ukishafunga keni, tenga la nyanya au gunia nyuma, njia hiyo imezibwa. Inabaki kuinua mguu kwa mbele na kuuvusha juu ya bomba. Ili uweze, lazima uilaze baiskeli upande wako. Na baiskeli yenye kilo 40 nyuma ukiilaza kupita kiasi, haikusubiri.

Sasa hesabu na mimi. Nyumba nane na kituo kimoja: unapanda mara 9, unashuka mara 9. Hizo ni mara 18 kwa siku, siku sita ni mara 108. Ukikosea mara moja tu kwa mwezi, faida ya siku kadhaa imeondoka.

Fremu isiyo na bomba la juu, ambayo mtaani tunaiita "baiskeli ya kike", inaondoa tatizo hilo. Unapitisha mguu katikati, baiskeli ikiwa imesimama karibu wima. Na ukiyumba kwenye mchanga au lori likikusukuma pembeni, unaruka chini mara moja bila kunaswa na bomba.

Ilianza kutengenezwa karne ya 19 kwa ajili ya wanawake waliovaa magauni marefu, ndiyo maana jina hilo limeganda. Lakini Uholanzi na Japani wanaume kwa wanawake wanaziendesha kwenda sokoni na kazini. Ndugu yangu, mzigo haujui kama baiskeli ni ya kike au ya kiume.

Aina tatu utakazokutana nazo

1. Ya chini kabisa. Bomba la mbele limeinama kama herufi U. Nyingi ni zile za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele. Ni rahisi kupanda kuliko zote, hata ukiwa umevaa kanga au mabuti ya shambani. Angalia tu kwamba bomba hilo ni nene.

2. Ya mabomba mawili. Mabomba mawili yanashuka sambamba kutoka kwenye usukani kwenda chini ya siti. Unainua mguu zaidi kidogo, lakini fremu ni imara zaidi. Kwa mzigo wa kila siku, mimi huanzia hapa.

3. Ya bomba lililolala. Bomba la juu lipo, ila linateremka kuelekea kwenye siti. Inamfaa mwenye miguu mirefu. Kwa mfupi aliyefunga tenga nyuma, tatizo linabaki lile lile, limepungua tu.

Je, haitavunjika?

Hili ndilo swali la kila mtu, na ni swali la haki. Fremu ya kawaida ina nguvu kwa sababu mabomba yake yanaunda pembetatu. Ukiondoa bomba la juu, sehemu ya mbele inakuwa rahisi kujipinda. Sehemu ya nyuma, inayobeba keria, kwa kawaida imejengwa sawa na ya baiskeli nyingine. Kwa hiyo mzigo wenyewe unabebeka. Shida inakuja pale usukani unapokwenda kushoto na mzigo unavuta kulia: baiskeli inacheza kama nyoka.

Dawa yake ni namna ya kupakia:

- Weka mzigo chini, pande mbili za gurudumu, usiurundike juu ya keria. Keni mbili zikining'inia kushoto na kulia ni bora kuliko moja juu katikati.
- Sawazisha uzito. Ukipunguza maziwa upande mmoja, punguza na mwingine.
- Sogeza mzigo karibu na siti. Ukiwa nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hautulii.
- Funga kwa mpira wa tyubu kiasi kwamba ukitikisa mzigo, baiskeli nzima inatikisika nao.

Na jambo moja nakuomba sana: usimpelekee fundi baiskeli ya kawaida akate bomba la juu ili iwe "ya kike". Fremu ile haikutengenezwa kukaa bila bomba hilo. Itapasuka, na itapasuka ukiwa kwenye mteremko.

Ukienda kununua, kagua hivi

- Sumaku. Beba sumaku ndogo. Ikishika kwenye fremu, hiyo ni chuma, na fundi wa kuchomelea kijijini ataweza kuirekebisha. Isiposhika, huenda ni aluminiamu. Ni nyepesi, lakini ikipasuka fundi wengi wa kwetu hawawezi kuichomelea vizuri.
- Viungo. Pitisha kidole chini ya usukani na kwenye kiungo cha pedeli. Rangi iliyokunjamana au ufa mwembamba maana yake fremu imeshapinda. Achana nayo hata kama bei ni tamu.
- Magurudumu. Simama nyuma, funga jicho moja. Gurudumu la nyuma na la mbele yawe kwenye mstari mmoja.
- Keria. Miguu yake ifike chini kwenye ekseli na ifungwe kwa bolti. Keria iliyoning'inizwa kwenye bomba la siti peke yake si ya biashara.
- Stendi. Chagua ya miguu miwili. Stendi ya mguu mmoja na lita 40 ni kuomba ajali.
- Breki. Zote mbili zishike. Jaribu ukiwa na mtu mzima amekaa kwenye keria.
- Kimo cha siti. Kwa kazi ya kusimama-simama, ukiwa umekaa vidole vya miguu yote miwili viguse chini. Kwa safari ndefu bila kusimama unaweza kuipandisha.

Usikubali kununua kwa kuizungusha dukani ikiwa tupu. Mwombe muuzaji uweke madumu mawili ya maji ya lita 20, upande na ushuke mara tano. Hapo baiskeli itakuambia ukweli wote.

Kupanda na kushuka ukiwa na mzigo

Simama upande wa kushoto, shika breki zote mbili. Pitisha mguu wa kulia katikati, ukanyage upande wa pili, sasa uko juu ya fremu na miguu yote iko chini. Inua pedeli moja juu kidogo kuelekea mbele, ikanyage, achia breki, kisha kaa. Kushuka ni kinyume chake: punguza mwendo, toka kwenye siti kwa mbele, weka miguu chini, ndipo uvushe mguu. Mteremko mkali, shuka usukume. Hakuna aibu.

Lini uchukue ya bomba la juu?

Nisiseme uongo, si kila mtu inamfaa. Kama kazi yako ni magunia mazito unayoyasukuma kwa miguu, au unafunga mzigo hata katikati ya fremu, bomba la juu ni mali. Vivyo hivyo kama unatoka shamba hadi soko moja bila kusimama njiani. Lakini kama unasimama nyumba kwa nyumba na maziwa, mayai, mboga au vifaranga, jiulize swali moja tu: kwa siku napanda na kushuka mara ngapi? Ikizidi mara 10, fremu ya chini itajilipa.

Yule kijana? Aliuza ile kubwa, akaongeza kidogo, akanunua ya mtumba ya mabomba mawili. Wiki ya kwanza vijana wenzake walimcheka kijiweni. Alichonijibu nilipomuuliza ni hiki: "Afisa, wao wanacheka, mimi nafikisha maziwa."

Kazi njema, na safari njema barabarani.