Refa amekosea au amenunuliwa? Jua tofauti, na jua kazi zake uwanjani

Kila wikiendi ya ligi ikiisha, simu na ujumbe unaoingia kwenye vipindi vya michezo hufanana: "Refa kawabeba wenyeji", "Refa kanunuliwa." Ni nadra kusikia mtu akisema "Refa kakosea" akaishia hapo. Maneno haya hayana uzito sawa. Katika soka, kosa la macho, kosa la sheria na kupanga matokeo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina hukumu yake.

Kazi inaanza kabla ya filimbi

Waamuzi hutakiwa kufika uwanjani mapema na kuukagua. Mistari inaonekana? Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44? Alama ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli? Nyavu zimefungwa vizuri? Tundu moja la wavu linatosha kuzua ugomvi wa mpira uliopita ndani au nje ya mlingoti, na hapo hata refa mwaminifu hana pa kujitetea.

Kisha wachezaji wanakaguliwa viatu na vikinga ugoko. Pete, mikufu na hereni vinavuliwa. Kuvifunika kwa plasta hakuruhusiwi.

Kutopendelea nako kunaanza hapa. Refa aliyefika kwa gari la timu mwenyeji, au aliyekula mchana nyumbani kwa kiongozi wa timu, anaweza kuwa hana nia mbaya kabisa. Lakini penalti ya kwanza atakayoitoa itapimwa kwa ule wali. Ndiyo maana posho, usafiri na chakula cha waamuzi vinapaswa kutoka kwa waandaaji wa mashindano, siyo mfukoni mwa timu. Hata kwenye Kombe la Dunia, refa hapangiwi mechi ya nchi yake.

Ndani ya dakika 90

Mshika kibendera hutakiwa kwenda sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, au na mpira kama mpira uko karibu zaidi na goli. Akichelewa hatua mbili tu, anatazama kwa pembe, na mshambuliaji aliye sawa na beki anaweza kuonekana ameotea. Kwa hiyo kabla ya kusema kibendera kina upande, tazama kwanza alikuwa amesimama wapi.

Kibendera chenyewe ni ushauri. Mwenye uamuzi ni refa wa kati, na anaweza kukipuuza kama ameona vizuri zaidi. Anaweza pia kubadili uamuzi wake, ila mpira ukishaanza tena nafasi hiyo imepita. Kumzonga baada ya mpira kuanzwa kati hakurudishi kitu, zaidi ya kuleta kadi.

Makosa matatu, hukumu tatu

La kwanza ni kosa la macho. Refa ameona mkono ambapo hapakuwa na mkono. Sheria ya 5 ya soka inasema uamuzi wake juu ya mambo yaliyotokea mchezoni, pamoja na kama bao ni bao, ni wa mwisho. Refa anaweza kupunguziwa mechi au kusimamishwa, lakini matokeo yanabaki.

La pili ni kosa la sheria. Septemba 2005, Uzbekistan ikiongoza 1-0 dhidi ya Bahrain katika kuwania Kombe la Dunia, ilifunga penalti huku mchezaji wake mwingine akiwa ameingia mapema kwenye eneo la hatari. Sheria ilitaka penalti irudiwe. Refa kutoka Japani akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Macho yake yaliona sawa, sheria ndiyo iliyomponyoka. Uzbekistan wakalalamika wakitaka ushindi wa 3-0. FIFA ikaamuru mechi irudiwe, ikaisha 1-1, ya marudiano ikawa 0-0, na Uzbekistan wakatolewa kwa bao la ugenini.

La tatu ni kupanga matokeo. Novemba 2016, refa Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal kwa madai kwamba Kalidou Koulibaly ameushika mpira, wakati mpira ulimgonga mguuni. Afrika Kusini ikashinda 2-1. Uchunguzi ulipokamilika, FIFA ilimfungia maisha mwaka 2017, mechi ikafutwa na kurudiwa, Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Kombe la Dunia. Kumbuka kwamba haikutosha kuonyesha kuwa penalti ilikuwa mbovu. Ilibidi ithibitike kuwa alikusudia.

Ukiona umeonewa

Baada ya mechi, refa huandika ripoti: kadi, majeruhi, fujo, na lolote lililotokea kabla, wakati na baada ya mchezo. Kamishna wa mchezo naye huandika yake. Timu yenye malalamiko inapaswa kuyaandika ndani ya muda uliowekwa na kanuni za mashindano, ikitaja dakika, tukio na sheria iliyovunjwa. Barua inayosema "refa alitupendelea wapinzani" haina pa kushikwa. Barua inayosema "dakika ya 63 mchezaji alioneshwa kadi ya njano ya pili na hakutolewa" inajibika.

Kwenye ligi za wilaya na ndondo hakuna uzio wala VAR, na mara nyingi hakuna hata askari. Refa anasimama hatua chache kutoka kwa mashabiki. Neno "kanunuliwa" likipigiwa kelele na watu mia, jiwe haliko mbali, na kijana aliyetoka kozi ya uamuzi mwaka jana hatarudi tena. Kama una ushahidi wa rushwa, upeleke kwa chama cha soka au TAKUKURU. Kama huna, sema alikosea, na utaje kosa lenyewe.