Gari la Mseto katika Somo la Nishati

Katika kufundisha mabadiliko ya nishati, inafaa tuanze na yale ambayo wanafunzi wetu huyaona kila siku. Katika mji wa Babati, ulio kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, mfano mmoja unafaa sana: gari la kujifunzia udereva, lenye kibao cha herufi L. Watoto hulijua kwa mwendo wake: huondoka, husimama, huzimika, kisha huondoka tena.

Tuyaeleze kwanza maarifa yenyewe. Gari la petroli hutumia nishati nyingi kila linapoondoka. Breki ikikanyagwa, nishati ya mwendo hugeuka kuwa joto na kupotelea hewani. Tena gari likisimama huku injini ikinguruma, huchoma petroli bila kwenda popote. Gari la anayejifunza lina hasara zote mbili. Kila lita ya petroli iunguayo hutoa hewa ya ukaa ipatayo kilo 2.3, mbali na moshi wenye sumu uvutwao na wapita njia, watoto wetu wakiwamo.

Gari la mseto, ambalo lilianza kuuzwa kwa wingi nchini Japani baada ya mwaka 1997, lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri. Dereva apunguzapo mwendo, magurudumu huizungusha mota, nayo hufanya kazi ya dainamo na kuijaza betri. Umeme huo hulisaidia gari kuondoka tena. Linaposimama, kwa kawaida injini hujizima yenyewe.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wasugue viganja kwa nguvu. Waulizwe joto limetoka wapi. Hivyo ndivyo ifanyavyo breki ya kawaida.

2. Baiskeli yenye dainamo ipinduliwe, isimame kwa kiti na usukani. Mwanafunzi mmoja alizungushe kwa mkono gurudumu lenye dainamo, kisha aliachie. Wenzake wahesabu hadi lisimame.

3. Dainamo iegemezwe kwenye tairi, na jaribio lirudiwe kwa nguvu ile ile. Taa itawaka, na gurudumu litasimama mapema zaidi. Wanafunzi waeleze sababu kwa maneno yao wenyewe kabla mwalimu hajasema neno.

Tahadhari

Tusiwafundishe wanafunzi kwamba gari la mseto halichafui hewa. Gari la mseto la kawaida hupata nishati yake yote kutoka katika petroli, na faida yake hupungua katika safari ndefu isiyo na kusimama. Betri iliyochakaa ikitupwa ovyo ni taka ya hatari. Aidha, magari mengi ya namna hii hayana klachi. Atakayeendesha lori la gia za mkono hana budi kujifunza kwa gari lenye gia hizo.

Hata hivyo, gari la kawaida nalo laweza kuendeshwa kwa uangalifu. Mkufunzi wa udereva azimaye injini anapotoa maelezo marefu, na amzoezaye mwanafunzi wake kutazama mbali na kuachia mafuta mapema, huokoa petroli na kupunguza moshi. Somo letu likiishia katika kusifu mashine ngeni, litakuwa pungufu. Mwanafunzi hana budi kutoka darasani akijua kuuliza, kwa kila chombo akionacho: nishati hii imetoka wapi, na inapotelea wapi?