Baba anataka kuwa rubani akiwa na miaka 40? Aanzie kwa daktari

Habari hutolewa mezani, watoto wakishalala. Baba, mhasibu wa miaka 40, anataka kuacha kazi akasomee urubani. Mama anauliza ada itatoka wapi. Baba anataja kiwanja.

Kinachosahaulika hapo ni mwili wa baba. Kurusha ndege za biashara kunahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza, na anayepima ni daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Hupimwa macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo, mkojo na afya ya akili. Miwani haimzuii mtu, mradi akiivaa anaona vizuri. Hata presha iliyodhibitiwa kwa dawa zinazokubalika si lazima imkwamishe. Lakini anayechoma insulini kwa ajili ya kisukari, kwa viwango vya ICAO, huhesabiwa hafai. Ni afadhali kulijua hilo kiwanja kikiwa bado chenu.

Akifaulu, kuna hesabu ya miaka. Leseni ya biashara hutaka angalau saa 200 angani, au 150 kwa aliyesoma kozi ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Leseni ya kumfanya kapteni wa ndege kubwa hutaka 1,500. Pengo hilo ndilo linaloumiza familia, maana ada imeshalipwa na mshahara wa maana haujaja. Wengi hulijaza kwa kufundisha wanafunzi, au kwa kurusha Cessna Caravan zinazopeleka watalii mbugani. Na kwa anayebeba abiria akiwa rubani peke yake, akishatimiza 40, cheti cha afya hudumu miezi sita badala ya 12. Kwenye safari za kimataifa, ukomo ni miaka 60 kwa rubani wa peke yake, 65 palipo na marubani wawili.

Njia ya polepole inawafaa zaidi wenye watoto shuleni: leseni ya rubani binafsi kwanza, angalau saa 40, akisoma wikiendi huku mshahara ukiendelea kuingia. Kama kila akipaa anatapika, hasara bado ni ndogo.

Siku ya vipimo aende na faili lake la hospitali, hata lile la presha ya mwaka juzi. Fomu itamuuliza, naye atatia saini.